Mfuko wa kusaidia walioharibikiwa njiani: nilichobakiza kwenye buti na nilichokitoa

Mfuko huu unauzwa kama mkombozi wako siku gari lako likikugomea. Boksi lake lina picha ya mtu amesimama kando ya gari lake mwenyewe, uso mkunjufu, mfuko uko miguuni. Mimi sikuununulia gari langu. Niliununua kwa ajili ya gari nisilolijua, la mtu nisiyemjua, nitakalolikuta limesimama pembeni boneti iko juu na mwenyewe anaangalia huku na huku. Kwa hiyo ninaupima kwa kipimo hicho, nacho ni kigumu zaidi. Gari lako unalijua: nati zake, betri yake, mahali pa kufungia kamba. La mgeni hulijui hata moja kati ya hayo, na huenda mwenyewe naye halijui. Kitu kitakachokaa kwenye mfuko wa namna hii lazima kifae kwa gari lolote, kitoke haraka gizani, na kiwe kitu ambacho uko tayari kukiacha pale ukaondoka bila kukidai.

Jibu la haraka kwa asiye na muda wa kusoma yote: betri ya kubustia, yaani ya kuliwashia gari ambalo betri yake imekufa, ni nzuri, tochi ni nzuri, nyundo ya kuvunjia kioo ni nzuri. Nyaya za kubustia ni mbovu, na kisanduku cha huduma ya kwanza ni aibu. Vilivyobaki vinategemea.

Mimi ni mkunga. Zamu zangu zinaisha saa ambazo barabara imekauka watu, na kituo changu kiko mbali na nyumbani. Ukiendesha saa hizo unawakuta: pikipiki imelala ubavu, familia nzima imekaa ukingoni mwa barabara na mabegi, kijana anasukuma gari peke yake huku mkono mmoja umeshika usukani kupitia dirishani. Kaka yangu mdogo ni fundi umeme wa magari. Ninayoyasema kuhusu betri na nyaya nimeyatoa kwake, na mengine nimejifunza kwa kuinama chini ya boneti za watu.

Tuanze na nyaya za kubustia, maana hapo ndipo muuzaji amenikera zaidi. Kwa macho ni nene, unazishika mkononi unajiamini. Kaka yangu alikata ncha moja akamenya plastiki mbele yangu. Ndani mlikuwa na nyuzi chache za alumini zilizopakwa shaba, na unene wote ule ulikuwa plastiki tupu. Stata ya gari dogo inavuta mamia ya ampia kwa kile kitambo cha kuzungusha injini. Waya mwembamba hauwezi kupitisha hayo. Unachemka, plastiki inalainika, na injini ya yule maskini inazunguka kwa kujikokota mpaka inanyamaza. Halafu mnaamini tatizo si betri, mnaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Vibanio vyake navyo vina springi legevu, na kwenye kila kibanio ni taya moja tu iliyounganishwa na waya, taya ya pili ni pambo.

Nilizitoa nikaweka nyaya za shaba halisi za milimita za mraba 25, ndefu za kutosha kufika hata kama gari langu limesimama nyuma ya lile bovu na betri yake iko upande wa pili. Urefu ni jambo ambalo mwenye kujinunulia mwenyewe halifikirii. Mgeni hukumkuta amepaki kwenye uwanja mpana. Umemkuta pale gari lilipozimikia, na mara nyingi hapana nafasi ya kukutanisha pua kwa pua.

Mpangilio wa kufunga haukuandikwa popote kwenye mfuko, kwa hiyo nauandika hapa. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake nyingine kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho isiende kwenye betri iliyokufa bali kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lile, mbali na betri. Sababu ni kwamba betri ya maji ya asidi hutoa gesi ya haidrojeni, na ncha ya mwisho ndiyo inayopiga cheche. Cheche hutaki ipigwe juu ya betri huku uso wako umeinama hapo. Kufungua ni kinyumenyume. Na kabla ya yote angalia unamsaidia nani: malori mengi yanatumia volti 24, magari madogo volti 12. Dereva wa lori akikuomba umbustie kwa gari lako dogo, mweleze kwa upole kwamba haiwezekani, kisha msaidie kwa njia nyingine.

Sasa betri ya kubustia, ile ndogo ya lithiamu inayokuja na toleo kubwa la mfuko. Hii ndiyo sababu ya kununua. Nitaeleza siku moja tu. Mama mmoja alikuwa pembeni na mtoto mchanga kifuani, taa za gari zilikuwa zimesahaulika zikiwaka wakati anamnyonyesha, betri ikaisha kabisa. Kilichonigusa ni alivyoniambia kabla hata sijafika karibu: "Dada, wamepita wengi, wengine wananipungia mkono." Nikafunga vibanio, chanya, hasi, nikasubiri taa ya kijani. Haikuwaka. Mtu asiyekijua kifaa hiki angekifungasha akaomba radhi akaondoka, na kwa kweli maelezo ya ndani ya boksi hayamsaidii. Kifaa kinahitaji kuhisi volti kidogo upande wa pili ndipo kikubali kutoa umeme. Ni ulinzi usije ukakosea chanya na hasi. Betri ikifa kabisa, hakihisi kitu, kinakataa. Ubavuni kuna kitufe chini ya kifuniko cha mpira. Unahakikisha nyekundu iko chanya na nyeusi iko hasi, unaangalia tena, kisha unakibonyeza na kukishikilia. Kitufe hicho kinaondoa ulinzi wote, kwa hiyo kule kuangalia mara ya pili si hiari. Taa ikawaka, mama akapiga stata, injini ikakohoa, akapiga tena ikashika. Nilimwambia asiizime mpaka afike anakokwenda.

Tangazo lake linasema ampia 2000. Hiyo ni ampia ya kilele, ya kufumba na kufumbua, si kiwango inachoweza kushikilia. Kwa magari madogo ya petroli haijawahi kuniangusha. Kwa dizeli kubwa inahangaika. Na usiiache kwenye buti siku za joto kali, kwa sababu lithiamu inazeeka haraka kwenye joto. Mimi yangu inalala ndani ya nyumba na inapanda gari pamoja na mkoba wangu wa kazi. Ichaji hata kama hujaitumia.

Nimekaa sana kwenye kifaa hiki kwa sababu kinagusa jambo ambalo watu wengi hawalisemi wazi. Hatupiti bila kusimama kwa sababu hatuna huruma. Tunapita kwa sababu tunawahi. Mwaka 1973 watafiti wawili, Darley na Batson, walichapisha jaribio walilofanya pale Princeton kwa wanafunzi wa seminari. Waliwatuma kwenye jengo lingine, wengine wakiwa wameambiwa watoe hotuba kuhusu Msamaria mwema, na njiani wakamweka mtu amejikunyata mlangoni anakohoa na kugumia. Kati ya walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia kwa namna fulani. Kati ya walioambiwa wamechelewa, ni asilimia 10. Hotuba waliyokuwa wanaiwaza haikuleta tofauti kubwa, saa ndiyo iliyoleta. Nikisoma hayo nafikiria zamu yangu, nafikiria mama anayenisubiri wodini. Kusaidia kwa nyaya kunataka kupanga magari, kufungua boneti mbili, kusubiri. Kwa betri ya mkononi nasimama, nafunga, linawaka, naondoka, na mama wa wodini hajaathirika. Kifaa kinachopunguza muda wa kusaidia kinaongeza idadi ya mara ambazo mtu mwenye haraka atasimama. Kwangu hiyo ndiyo thamani yake, na ingetosha hata kama mfuko mzima uliobaki ungekuwa mtupu.

Pembetatu ya tahadhari iliyomo haifai. Nyepesi mno, miguu yake ni waya wa kukunja, upepo wa lori moja unaiangusha kifudifudi. Tafuta iliyo na miguu mipana yenye uzito na alama ya E ndani ya duara pamoja na namba 27, ndiyo kanuni ya Umoja wa Mataifa inayohusu pembetatu hizi. Lakini hata iliyo bora naitumia kwa uangalifu sana, na nina sababu. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa linameza karibu mita 28 kila sekunde. Dereva akishtuka, akawaza, akakanyaga breki, tayari ameshakufikia. Ili pembetatu imfae lazima iwe mbali, na ili iwe mbali lazima wewe utembee kwa miguu kwenye barabara ileile. Hispania wameliona hilo mpaka wakabadili sheria: kuanzia tarehe 1 Januari 2026 pembetatu zimepisha taa ya dharura ya kuweka juu ya paa la gari, unatoa mkono dirishani unaibandika kwa sumaku bila kushuka. Mimi nimefuata njia hiyo. Nimenunua taa mbili za sumaku zinazowakawaka rangi ya kaharabu. Moja inakaa juu ya paa la gari langu, nyingine juu ya gari la niliyemkuta. Pembetatu naipeleka tu pale ambapo kuna kona au mlima unaotuficha na pembeni pana nafasi ya kutembea nje ya lami, nayo naishika mbele ya kifua imekwisha kufunguliwa, uso wangu ukielekea magari yanayokuja.

Kizibao cha kuakisi kimo kimoja. Kimoja! Hapa ndipo unapoona kwamba waliotengeneza walimfikiria mwenye gari peke yake. Kwenye tukio lolote mko angalau wawili. Nimeongeza vingine, pamoja na viwili vya watoto, na vyote vinakaa mfukoni mwa mlango wa dereva, si ndani ya buti, kwa sababu ukikivaa baada ya kuzunguka gari gizani kukitafuta umeshapita sehemu ya hatari zaidi bila hicho. Kitambaa cha njano au chungwa kinachong'aa kinafanya kazi mchana. Usiku kinachokuokoa ni ile mistari ya fedha inayorudisha mwanga wa taa. Kizibao cha mfuko huu kina mistari miembamba iliyobandikwa na gundi, ilianza kubanduka mapema. Vilivyoandikwa EN ISO 20471, kiwango cha kimataifa cha nguo za kuonekana, vina mistari mipana. Kitu cha kwanza ninachompa mtu niliyemkuta njiani ni kizibao, kabla ya swali lolote. Wengine wanashangaa. Wakishakivaa wanatulia, sijui kwa nini, lakini nimeliona mara nyingi.

Kuonekana kuna faida nyingine ambayo haikuandikwa kwenye boksi. Mwaka 1967 Bryan na Test walichapisha jaribio la barabarani kule Los Angeles. Waliweka msichana kando ya gari lenye pancha, wakahesabu magari 2000 yanayopita katika kila moja ya hali mbili. Kwenye hali ya kwanza alikuwa peke yake, wakasimama madereva 35. Kwenye hali ya pili, kama robo maili kabla yake, madereva walikuwa wamemwona mtu mwingine akisaidiwa kubadilisha tairi, wakasimama 58. Wachache bado, ukilinganisha na 2000, na namba hizo zinaniuma kila nikizikumbuka. Lakini tofauti kati ya 35 na 58 ilitokana na kuona tu. Ukisimama ukiwa na kizibao chako na taa zako, unayemsaidia si mmoja. Huko mbele kuna mwingine, na dereva aliyekuona wewe anaelekea kwake.

Kisanduku cha huduma ya kwanza nimekitoa chote nikagawa. Plasta ndogo za kidole, pamba, bandeji nyembamba kama utepe, mkasi usiokata hata karatasi. Ajali ya barabarani haina haja na plasta ya kidole. Kinachoua haraka ni damu na hewa. Ndani ya kisanduku changu sasa kuna glavu za mpira jozi nyingi, pedi kubwa za kufyonza damu, bandeji za kubana zenye mvutano, mkasi mzito wa kukatia nguo na mkanda, barakoa ya kupulizia pumzi, blanketi za karatasi ya fedha, na mkanda wa kubana mguu au mkono wenye fimbo ya kuzungusha.

Huo mkanda wa fimbo niuzungumzie kwa kirefu kidogo, kwa sababu sokoni kumejaa vya kuiga ambavyo fimbo yake ya plastiki inavunjika ukizungusha kwa nguvu. Kijana wa pikipiki nilimkuta ameegemea ukuta wa daraja, suruali imelowa kutoka pajani kwenda chini, na wenzake wawili wamemzunguka wanampepea. Kumpepea hakuzuii damu. Niligandamiza kwa kiganja juu ya pedi, uzito wangu wote, na kwa majeraha mengi hiyo inatosha ukivumilia bila kufunua kuchungulia. Hii haikutosha, pedi ililowa ikajaa. Mkanda unakaa upana wa vidole vitatu au vinne juu ya jeraha, kuelekea kiunoni, usikae kwenye goti lenyewe wala kwenye kiwiko chenyewe. Unavuta mkia wake mpaka hauendi tena, kisha unazungusha fimbo mpaka damu isimame, si mpaka ipungue. Inauma vibaya. Alilia, akanishika shati, nikamwambia, "Mwanangu, najua, najua, silegezi." Ukishauweka usiulegeze mpaka hospitali, na uandike saa uliyoufunga mahali watakapoiona, mimi niliandika kwa kalamu kwenye shavu lake. Rafiki yake mmoja nilimpa simu azungumze na watu wa gari la wagonjwa, nikimwelekeza maneno: mko wapi, wangapi, anapumua, damu imezuiwa. Mtu akipewa kazi anaacha kutetemeka.

Kwa asiye na mafunzo, nasema hivi bila kupunguza. Pigia simu ya dharura, hakikisha wewe na yeye hamgongwi, angalia kama anapumua, zuia damu, mfunike asipate baridi, zungumza naye. Usimvute kumtoa kwenye gari isipokuwa kuna moto, maji au hatari nyingine ya papo hapo, kwa sababu ya shingo na uti wa mgongo. Usimpe maji ya kunywa hata akiomba, huenda anakwenda chumba cha upasuaji. Hayo ni machache na yanaokoa. Na kachukue mafunzo ya siku moja ya huduma ya kwanza. Nunua mafunzo kabla ya kununua mfuko.

Kamba ya kuvutia inafaa kwa kuvuta gari dogo taratibu kulitoa kwenye hatari, basi. Magari mengi ya sasa yana tundu la kukazia kipete kwenye bampa, na kipete chenyewe kiko kwenye buti la gari husika pamoja na jeki, na baadhi hukazwa kwa kuzungusha kushoto. Gari la gia otomatiki usilivute kwa umbali magurudumu yanayoendesha yakiwa chini, utamharibia gia boksi. Mwambie anayevutwa afungue swichi ili usukani usijifunge, na ajue kwamba injini ikiwa imezimwa breki itakuwa ngumu kuliko alivyozoea.

Pampu ya upepo ya tundu la kiberiti ni ya polepole na geji yake inadanganya. Nimeibadilisha na ya kubana kwenye betri. Nimeongeza spana ya msalaba yenye vichwa vya 17, 19, 21 na 22, inayofungua karibu kila nati ndogo ya gari utakayokutana nayo, na kipande cha ubao mgumu cha kuweka chini ya jeki, maana pembeni mwa barabara ni mchanga au tope na jeki inazama.

Nyundo ya kioo nimeisifu juu, nieleze. Ncha yake ni kali kweli, na wembe wake wa kukatia mkanda wa kiti umefichwa vizuri usikukate wewe. Igonge kwenye kona ya kioo cha pembeni. Kioo cha mbele ni matabaka mawili yaliyogandishwa kwa plastiki, kitapasuka lakini hakitamwagika. Siku hizi hata vioo vya pembeni vya magari mengine vimetengenezwa hivyo, kwa hiyo kimoja kikikataa usipoteze nguvu hapo, nenda kingine, hasa cha nyuma.

Tochi ya kichwani inakaa saa nyingi na ina mwanga mwekundu, sina la kuongeza. Kizima moto hakimo kabisa na kinastahili kuwemo, ingawa cha kilo 1 kinamaliza unga wake kwa sekunde chache. Ni cha kumtolea mtu nafasi ya kutoka.

Na kuna vitu ambavyo mtengenezaji hakuviwaza hata kidogo, navyo ndivyo vinavyotoka kwenye mfuko wangu mara nyingi kuliko vyote. Waya wa kuchajia simu wenye vichwa vya aina tatu. Maji, mengi, ya kunywa na ya redieta. Wengi unaowakuta wamekwama hawahitaji ufundi wako, wanahitaji simu yenye chaji wampigie mtu wao. Wa redieta wanahitaji maji na mtu wa kuwazuia: mfumo ule ukiwa wa moto una shinikizo, maji yake yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, na mtu akifungua kifuniko yanachemka yote kwa mpigo na kumrukia usoni. Nimemwosha mzee mmoja aliyeungua hivyo, shingo na mkono. Subirini injini ipoe, hata nusu saa, kaeni mbali na barabara mzungumze.

Najua swali ambalo wengi wanaliuliza kabla ya yote: je, wakiwa wanakutega? Wapo wanaofanya hivyo, na nisingetaka mtu yeyote adhurike kwa kunisikiliza. Kuna wakati sisimami. Pakiwa giza, hapana mtu mwingine, na nilichokiona hakieleweki, napita, nasimama mbele penye mwanga na watu, napiga simu nikitaja mahali kwa usahihi. Huo nao ni msaada kamili. Nikisimama, nasimama kwa umbali, milango imefungwa, injini inaunguruma, kioo nimekishusha vidole viwili, nauliza, "Vipi, mmepatwa na nini?" Mwenye shida ya kweli anakujibu kwa maelezo marefu, hata usiyoyauliza. Na mara zote kuna mtu wangu wa nyumbani niliyemtumia ujumbe nimesimama wapi.

Mfuko wenyewe, namaanisha kitambaa na zipu, ni imara. Una mkanda wa kunata chini unaoshika zulia la buti usiteleze, na vyumba vyake ni vya kutosha kupanga upya kila kitu kama nilivyofanya. Tatizo ni rangi: mweusi nje, mweusi ndani. Usiku glavu nyeusi kwenye mfuko mweusi ndani ya buti jeusi hazionekani. Nimebandika vipande vya utepe wa kuakisi kwenye kila chumba, damu nyekundu, umeme njano, hivyo hata ninayemsaidia naweza kumwambia "niletee cha njano" na akaleta.

Ukiwa na uwezo, nunua toleo kubwa kwa ajili ya betri ya kubustia, kisha badilisha nyaya, pembetatu na kisanduku cha dawa. Ukiwa huna, usinunue toleo dogo hata kidogo. Fedha hiyohiyo itakupa vizibao viwili vizuri, pedi na bandeji za kubana, waya wa simu na dumu la maji, na kwa hivyo vinne unaweza kusimama kwa watu wengi zaidi kuliko kwa huo mfuko mdogo.